Rangi haitibu kutu

WAHENGA walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndivyo yalivyo magari mengi ya kale ya michezo. Juu yanameremeta kama shilingi mpya, huku chini kutu inakula chuma polepole.

Chukua mfano wa Datsun 240Z. Gari hili kutoka Japani, lililozinduliwa mwaka wa 1969, lilijipatia sifa humu nchini liliposhinda Safari Rally mwaka wa 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka wa 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Yaliyosalia yamepita nusu karne, na wenyewe wanayaenzi.

Je, anayetaka kulirejesha gari kama hilo katika hali yake ya zamani afanye nini?

Kwanza, asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee. Gari na likae juu ya stendi madhubuti, mahali tambarare. Apige picha kabla ya kufungua chochote na kutia boliti katika mikebe yenye majina.

Pili ni usafi. Rangi haishiki penye grisi, kwa hivyo matope na mafuta yaondolewe kwanza kwa dawa ya kusafishia injini. Petroli isitumiwe, kwani cheche moja tu yaweza kuteketeza gereji nzima.

Kutu yenyewe huondolewa kwa brashi ya waya au kwa kupuliza mchanga. Lakini tahadhari! Vumbi la mchanga wa kawaida lina silika, inayoharibu mapafu kabisa. Heri punje za kioo, na fundi ajikinge macho na pumzi. Mipira na beringi zitolewe kabla ya kazi hiyo.

Chuma kikishabaki kitupu, ndipo ukweli hujulikana. Kagua kila kiungo kilichochomelewa, hasa kwenye mikono inayoshikilia magurudumu. Chenye ufa au kilicholiwa hadi kuwa chembamba kibadilishwe. Ukikipaka rangi, umeficha hatari tu, na mkono huo ukikatika gari likiwa mbioni, gurudumu halitangoja dereva ajiandae.

Kilicho kizima kipakwe rangi ya msingi siku iyo hiyo. Wanafunzi wa kemia wanajua sababu: chuma, maji na hewa vikikutana, kutu huzaliwa upya. Katika miji ya pwani yenye unyevu na chumvi, saa chache zinatosha.

Wengine hupendelea rangi ya unga, inayookwa kwenye joto la digrii 200 hivi. Ni ngumu, lakini ikipasuliwa na jiwe, maji hupenya na kutu husambaa chini yake bila kuonekana. Boliti na vishikizo vidogo hufaa kupakwa zinki.

Nyuzi za boliti na nyuso zinazokazwa pamoja zisipakwe rangi nzito. Rangi hiyo ikisagika, boliti hulegea. Mafuta ya breki nayo yakimwagika, yaoshwe mara moja kwa maji, kwani hubabua rangi.

Ukimpa fundi kazi hii, mwambie akuonyeshe vyuma vikiwa vitupu kabla hajafungua mkebe wa rangi. Akishapaka, vyote vitapendeza, vizima na vibovu.