Moto wa Stoo ya Mbolea: Ujue Kwanza Unachokizima

Katika viwanda na mashamba mengi tunakofanya kazi hakuna gari la zimamoto. Kituo cha karibu kiko mjini, na gari lifikapo mara nyingi hukuta majivu. Kwa hiyo kengele ya moto ikilia, wanaokimbia ni sisi wenyewe: watu wa boila, wachuma chai, wakata miwa, walinzi na madereva wa matrekta. Hiyo ndiyo zimamoto yetu ya kujitolea, nayo ni jambo la kujivunia.

Lakini kujitolea ni kitu kimoja, na kutolewa mhanga ni kitu kingine. Katika makala hii tunataka kueleza jambo moja ambalo wenzetu wa nchi nyingine wamelilipia kwa roho zao, nalo ni hili: mtu asiukaribie moto kabla hajajua ni kitu gani kinachoungua, na ni kitu gani kilicho kando yake. Tumechagua moto wa stoo ya mbolea, kwa kuwa stoo hiyo iko karibu kila shamba kubwa, na wengi wetu huidhani kuwa haina hatari yoyote. Watu hulala mchana juu ya magunia yake.

YALIYOTOKEA WEST, TEXAS

West ni mji mdogo katika jimbo la Texas, Marekani, wenye watu kama 2,800. Wakulima wa sehemu hizo walinunua mbolea yao katika stoo moja iliyojengwa kwa mbao, na mbolea yenyewe ilirundikwa katika vyumba vya mbao humo humo ndani. Jioni ya tarehe 17 Aprili 2013, kiasi cha saa 1 na nusu, moto ulionekana katika stoo hiyo.

Wazima moto wa mji ule walikuwa watu wenye kazi zao nyingine, waliojitolea kama sisi. Walifika upesi. Wengine walikuwa darasani jioni ile wakijifunza kuhudumia majeruhi. Waliacha masomo wakaja kusaidia. Bomba la maji la karibu lilikuwa mamia ya mita kutoka hapo, basi wakaanza kutandika mipira. Zilipopita kama dakika 20 tangu taarifa ya moto kutolewa, stoo ililipuka.

Walikufa watu 15. Kati yao 12 ni wale waliokwenda kuzima moto na kusaidia. Waliojeruhiwa walizidi 260. Nyumba ya kutunzia wazee, jengo la makazi na shule ziliharibiwa vibaya. Shule ilikuwa tupu kwa sababu ilikuwa jioni. Lau ingekuwa saa za masomo, hesabu ya waliokufa ingekuwa kubwa zaidi.

Tume ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilitoa taarifa yake ya mwisho mwaka 2016. Ndugu, maneno yake yatufae. Wazima moto wale waliijua hatari moja ya mahali pale: matangi ya gesi ya amonia. Wengi waliihofu gesi. Kwamba mbolea kavu iliyokuwa katika jengo lile yaweza kulipuka, hawakuwa wamefundishwa. Hapakuwa na mpango uliotayarishwa kabla ya siku ya moto, wala hapakuwa na utaratibu thabiti wa nani aongoze na nani aamue kurudi nyuma.

Na wenye wajibu wa kuwalinda walikuwa wapi? Mara ya mwisho wakaguzi wa serikali wa usalama kazini kuikagua stoo ile ilikuwa mwaka 1985, yaani miaka 28 kabla ya mlipuko. Mwenye mali alikuwa na bima ya dola milioni 1 ya kulipia madhara kwa watu wengine, na hasara ilipita dola milioni 100. Waliojitolea walitoa uhai wao kulinda mali ambayo hata bima yake haikutosha kuwafuta machozi yatima.

KWA NINI MBOLEA ILIPUKE?

Mbolea iliyokuwa West huitwa amoniamu naitreti. Ni punje nyeupe, nzuri kwa mazao. Yenyewe haiungui kama kuni au petroli. Hatari yake ni kwamba imebeba ndani yake ile hewa ya oksijeni ambayo moto huihitaji ili uwake. Ikipata joto huyeyuka na kuitoa hewa hiyo, na moto unaoizunguka hupata nguvu mpya.

Hapo ndipo mazoea yetu yanapotudanganya. Tumezoea kwamba moto ukifunikwa unakufa. Tunatupa mchanga, tunafunga milango, tunapuliza unga wa mtungi. Lakini moto uliofika kwenye amoniamu naitreti haufi kwa kufunikwa, kwa sababu hewa yake imo ndani ya mbolea. Tena ukiufungia unaongeza hatari, maana joto na gesi vikikosa pa kutokea ndipo mlipuko huja. Na mbolea ikiwa imechanganyika na dizeli, oili, maranda ya mbao au takataka nyingine ziunguazo, hulipuka kwa urahisi zaidi.

Kuna na moshi. Moshi wa rangi ya manjano iliyoiva, au wa kahawia, ni sumu. Mtu aweza kuuvuta, akakohoa kidogo, akajiona mzima akaenda nyumbani. Baada ya saa kadhaa mapafu yakajaa maji, naye akashindwa kupumua. Kwa hiyo aliyevuta moshi huo apelekwe hospitali siku ile ile, hata akisema hana neno.

HAIKUWA MARA YA KWANZA

Jambo linalouma zaidi ni kwamba somo hili lilikwisha kutolewa katika jimbo lile lile la Texas, miaka 66 kabla. Tarehe 16 Aprili 1947, katika bandari ya Texas City, meli ya Kifaransa iitwayo Grandcamp ilikuwa ikipakiwa amoniamu naitreti katika magunia ya karatasi. Asubuhi makuli waliona moshi chini katika shehena. Amri ikatolewa maji yasitumike, kwa kuogopa kuharibu mzigo. Milango ya shehena ikafungwa na mvuke ukaingizwa ili kuunyima moto hewa. Saa 3 na dakika 12 asubuhi meli ikalipuka. Wazima moto wa kujitolea wa mji ule walikuwa 28, wakafa 27. Pamoja nao walikufa makuli, wafanyakazi wa viwanda vya jirani na watu waliokuja kutazama moshi wa rangi ya ajabu. Jumla ya waliokufa haikupungua 581.

Na tarehe 4 Agosti 2020, katika bandari ya Beirut nchini Lebanon, kulikuwa na tani 2,750 za amoniamu naitreti zilizowekwa ghalani tangu mwaka 2014. Moto ulipoanza, kikosi cha watu 10 wa zimamoto kilipelekwa bila kuambiwa kilichokuwamo. Wote 10 walikufa. Mlipuko uliua watu zaidi ya 200.

Tazameni, ndugu: Texas City walikuwa watu wa kujitolea, Beirut walikuwa askari wa zimamoto wenye mafunzo. Ushujaa haukupungua popote. Kilichokosekana ni habari, na habari hiyo ilikuwa mikononi mwa watu wengine.

NA HUKU KWETU?

Mbolea nyingi itumikayo huku bara hupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, ikaja kwa malori na reli. Si kila mbolea ina hatari ile. Urea si naitreti. CAN ni naitreti iliyochanganywa na chokaa ili kupunguza hatari yake. NPK ziko za namna nyingi. Baadhi zina naitreti, na zikipata moto mkali zaweza kufuka moshi wa sumu kwa muda mrefu hata bila ndimi za moto. Amoniamu naitreti yenyewe, yenye alama ya 34-0-0, hutumika sana Zambia na Zimbabwe, na machimbo ya mawe na migodi huitumia kutengenezea baruti.

Basi gunia likifika, someni jina lake. Angalieni pia kama lina alama ya pembe nne iliyosimama kwa ncha, rangi ya manjano, yenye mwali wa moto juu ya duara na tarakimu 5.1. Alama hiyo maana yake ni kwamba kitu hiki hulisha moto. Asiyejua kusoma na aoneshwe alama hiyo, kwani picha haihitaji shule.

Katika stoo tunazozitembelea tumeona mapipa ya dizeli yakigusana na magunia ya mbolea, matrekta yanayovuja oili yakilazwa humo humo, na waya za umeme zikining'inia juu yake. Wasimamizi hupita hapo kila siku. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

MAMBO YA KUSHIKA SIKU YA MOTO

1. Mtu mmoja aongoze. Ajulikane kwa jina kabla ya siku ya moto, na awe na makamu wake. Yeye hashiki ndoo wala mpira. Anasimama mbali kidogo, mahali anapoona pande zote, na neno lake ndilo linalofuatwa, hata na bwana meneja.

2. Swali la kwanza ni hili: je, ndani mna mtu? Kama hamna, hakuna gunia wala mashine inayostahili roho ya mfanyakazi.

3. Swali la pili: moto umefika kwenye mbolea, au bado? Kama ni takataka au nyasi zinazoungua nje, zimeni upesi kwa maji mengi. Kama umefika kwenye naitreti, msifunge milango, msitupe mchanga, msiingie. Ondokeni.

4. Kuondoka ni kwenda mbali kweli. Kitabu cha mwongozo cha wazima moto wa Amerika ya Kaskazini kinataka watu waondolewe mita 1,600 kila upande pale moto unapolifikia tangi au behewa lenye amoniamu naitreti. Kambi ya wafanyakazi, shule na zahanati zihamishwe mapema, kwa upande ambao upepo hautaupeleka moshi.

5. Asiruhusiwe mtazamaji. Wengi wa Texas City walikufa wakitazama. Walinzi wafunge njia, na watoto warudishwe kwanza.

6. Pawe na ishara moja ya kurudi nyuma, filimbi au king'ora, inayojulikana na wote. Ikilia, acheni kila kitu. Kisha watu wahesabiwe kwa majina mahali palipokubaliwa.

MADAI YA CHAMA

Ndugu wafanyakazi, sheria hizo sita tunaweza kuzishika wenyewe. Yaliyobaki ni wajibu wa mwajiri, nayo tuyadai mezani.

Kwanza, orodha ya kila kilichomo stoo, na kiasi chake, ibandikwe langoni na nakala apewe kiongozi wa zimamoto yetu na kituo cha zimamoto cha mjini. Orodha ikikaa ofisini ndani ya stoo itaungua pamoja na stoo. Pili, mbolea ya naitreti itengwe na dizeli, oili, kuni na dawa za majani, katika jengo lisilo la mbao, lenye kupitisha hewa, na lililo mbali na makazi. Tatu, mafunzo yatolewe katika saa za kazi na kwa malipo. Nne, iandikwe katika mkataba wetu kwamba mfanyakazi aliyeitikia kengele ya moto, iwe mchana au usiku, iwe zamu yake au si zamu yake, yuko kazini. Akiumia au akifa, alipwe fidia kama aliyeumia mashineni.

Madai haya hatukuyabuni. Mkataba Na. 170 wa mwaka 1990 wa Shirika la Kazi Duniani unasema kemikali ziwe na lebo na wafanyakazi waelezwe hatari zake. Mkataba Na. 155 wa mwaka 1981 unasema mfanyakazi aliyejiondoa kazini kwa sababu ya msingi, akiamini kuna hatari kubwa iliyo karibu na uhai wake, asiadhibiwe. Hata pale ambapo serikali haijaridhia mikataba hiyo, hakuna linalotuzuia kuyaandika maneno yake katika makubaliano yetu na mwajiri.

Kamati ya kila tawi iombe kuingia stoo ya mbolea kabla ya mkutano ujao. Hesabuni magunia, someni majina, tazameni kilicho jirani yake, na mwandike mliyoyaona. Meneja akikataa, andikeni kwamba amekataa, na tarehe, na mlete karatasi hiyo ofisi ya chama.