Kivuko cha Mwisho ni Saa Ngapi? Kupanga Safari ya Kambi kwa Familia Yenye Mtoto wa Selimundu

Mama mmoja mkazi wa Bukoba alinijia kliniki na swali ambalo sisi waganga huwa tunalijibu kwa haraka kupita kiasi. Mumewe alikuwa amenunua hema. Wakati wa likizo ya shule ya mwezi Juni walikusudia kwenda Uganda kwa gari lao, wavuke kwa kivuko hadi Visiwa vya Ssese, walale siku tatu ufukweni. Wana watoto watatu, na wa kati, mwenye umri wa miaka minane na uzito wa kilo 22, ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. "Daktari," alisema, "nimwache kwa bibi yake, au naye aende?"

Jibu jepesi lingekuwa kumwacha. Lakini mtoto huyo alikwisha kuachwa katika safari nyingi, na kila kuachwa humfundisha kwamba yeye ni mgonjwa kwanza na mtoto baadaye. Kwa upande mwingine, hatari haikuwa ya kubuni. Makala haya yanaeleza namna ya kulipima jambo hilo, ili mzazi na mhudumu wa afya waweze kuamua pamoja, na wakishaamua kwenda, wapange vizuri.

Nani anaweza kwenda

Katika selimundu, chembe nyekundu za damu hupinda na kukakamaa pale zinapopungukiwa oksijeni, na kuziba mishipa midogo. Upungufu wa maji mwilini, baridi, uchovu mkubwa na maambukizi ndivyo vichochezi vikuu, na vyote hupatikana kambini. Aidha, bandama ya mtoto huyo huharibika mapema maishani, hivyo hukosa kinga dhidi ya baadhi ya bakteria ambao wanaweza kumuua mtoto kwa muda wa saa chache.

Mtoto anayefaa kwenda ni yule ambaye hali yake imetulia: hajalazwa katika wiki za karibuni, hajaongezewa damu hivi punde, anatumia dawa zake bila kuruka, na wazazi wake wanajua kupima joto la mwili na kuipapasa bandama. Mtoto aliyewahi kupata kiharusi, au ambaye bandama yake imewahi kuvimba ghafla, asipelekwe mahali ambapo hospitali iko ng'ambo ya maji. Huyo atafutiwe kambi iliyo kando ya barabara ya lami, karibu na mji.

Njia na hesabu ya muda

Kutoka Bukoba hadi mpaka wa Mutukula ni takriban kilomita 80. Kutoka hapo hadi Masaka ni takriban 90 nyingine. Masaka kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Kisha barabara hushuka hadi Bukakata, ambako kivuko huvusha watu na magari hadi Luku katika kisiwa cha Bugala, kilicho kikubwa kuliko vyote vya Ssese. Mji wa Kalangala umo katika kisiwa hicho, nao una kituo cha afya cha ngazi ya nne.

Ramani humwonesha msafiri kilomita. Mzazi wa mtoto mgonjwa ahesabu muda, tena muda wa kurudi. Ajiulize: nikiwa hemani, mtoto akapata homa, itanichukua saa ngapi hadi mkono wa daktari aliye na maabara, oksijeni na damu salama? Jibu hubadilika kufuatana na saa ya siku. Mchana, jibu laweza kuwa saa chache. Kivuko kikishafunga kazi, jibu huwa kesho asubuhi. Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza mnapofika gatini si bei ya samaki, bali ni saa ya kivuko cha mwisho na cha kwanza. Ratiba iandikwe kwenye karatasi na kuulizwa upya kila siku, kwa kuwa matengenezo na hali ya ziwa huweza kuibadilisha.

Kadi mbili za njano

Msafiri wa njia hii huhitaji kadi mbili ambazo wengi huzichanganya kwa sababu ya rangi yake. Ya kwanza ni ya bima ya gari, inayotambulika katika nchi zilizomo kwenye mpango wa Kadi ya Njano wa COMESA, zikiwemo Tanzania na Uganda. Ya pili ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho huweza kudaiwa wakati wa kuingia Uganda na wakati wa kurejea nyumbani. Pamoja nazo ziwepo pasipoti au hati nyingine ya kusafiria ya kila mmoja, watoto wakiwemo, kadi ya usajili wa gari na leseni ya dereva.

Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 kinatambulika kwa maisha yote. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa hiyo haitolewi kiholela kwa mtoto aliye chini ya miezi tisa, kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, wala kwa mwenye mzio mkali wa mayai. Na mwenye miaka 60 au zaidi apimiwe faida na hatari yake kwanza. Mtoto wa selimundu anayetumia hidroksiurea aonwe na daktari wake kabla ya kuchanjwa, kwa kuwa dawa hiyo huweza kupunguza kinga. Mtu asiyeweza kuchanjwa kwa sababu za kitabibu huandikiwa cheti maalumu cha msamaha. Mambo haya hayafanyiki juma la safari. Yaanze wiki sita kabla.

Mpakani pia hupimwa joto la mwili. Mkoa wa Kagera uliwahi kupata mlipuko wa virusi vya Marburg mwaka 2023, na Uganda imepambana na Ebola mara kadhaa. Upimaji huo una sababu. Mtoto mwenye homa asiondoke nyumbani.

Sanduku la dawa na barua

Dawa zote zibebwe za siku za safari pamoja na za juma moja la ziada, zigawanywe katika mifuko miwili tofauti. Foliki asidi na hidroksiurea zisikatwe. Aliyepangiwa penisilini aendelee nayo asubuhi na jioni. Dawa ya kinga ya malaria aliyopangiwa na kliniki isirukwe hata siku moja, kwa kuwa malaria kwa mtoto huyu huweza kushusha damu kwa kasi ya kutisha. Kwa maumivu, parasetamoli hutolewa miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa sita. Kwa mtoto wa kilo 22 ni takriban miligramu 330. Ibuprofeni huongezwa kama figo zake hazina tatizo na daktari ameridhia.

Kipimajoto ni lazima. Mkono wa mama una huruma nyingi lakini hauna namba.

Barua ya daktari iandikwe kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kumbukumbu za hospitali za Uganda. Itaje aina ya selimundu, kundi la damu, dawa na vipimo vyake, mzio, ukubwa wa kawaida wa bandama, na kiwango cha kawaida cha hemoglobini cha mtoto huyo. Kipengele hiki cha mwisho kina uzito. Watoto wengi wa selimundu huishi na hemoglobini ya gramu 7 au 8 kwa desilita. Daktari asiyewajua anaweza kumwongezea damu mtoto asiyehitaji, au kudhani hali ni ya kawaida kumbe imeshuka kutoka 9. Wahudumu wenzangu, barua hiyo hutuchukua dakika kumi kuiandika. Tusiwanyime wagonjwa wetu.

Ndani ya gari na juu ya kivuko

Kila mtoto akae kiti cha nyuma na afungwe mkanda au kiti kinachomfaa kwa umri. Dereva apumzike kila baada ya saa mbili. Mapumziko hayo ndiyo saa ya maji. Mtoto wa kilo 20 huhitaji takriban lita moja na nusu ya vinywaji kwa siku ya kawaida, na zaidi katika joto. Wazazi wengi huwanyima watoto maji safarini ili wasiombe kwenda haja kila mara. Kwa mtoto wa selimundu, kuokoa dakika tano namna hiyo ni kununua maumivu ya siku tano.

Kwenye kivuko, zimeni injini, vuteni breki ya mkono, kisha wote washuke garini. Ulizeni yalipo majaketi okozi na hakikisheni yapo ya saizi ya watoto. Familia inaweza pia kujibebea yake. Watu wa Ziwa hili hawahitaji kukumbushwa MV Bukoba ya Mei 1996 wala MV Nyerere ya Septemba 2018. Chombo kikionekana kimezidiwa, subirini kingine. Hakuna kambi iliyo na thamani ya kuvukia humo.

Kambini

Usiku wa ziwani una ubaridi na umande. Chini ya mtoto yawekwe magodoro mawili membamba au mkeka na blanketi nzito, kwani baridi ya ardhini huingia zaidi kuliko ya hewani. Awe na soksi, sweta na kofia, na nguo zilizolowa zibadilishwe papo hapo. Chandarua chenye dawa kitundikwe ndani ya hema, hata kama hema lina wavu wake.

Jiko la mkaa lisiingizwe hemani kamwe, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huzuia damu kubeba oksijeni. Mtu mzima mwenye afya hulala asiamke. Mwenye upungufu wa damu hutangulia.

Jambo gumu zaidi kwa watoto ni maji ya ziwa. Ziwa Viktoria lina kichocho cha tumbo. Konokono wa kandokando ya maji hutoa vijidudu ambavyo hupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa muda wa dakika chache, na kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemewa. Ushauri wangu ni kwamba watoto wasioge wala wasichezee ziwani. Maji ya kuogea yachemshwe, au yatekwe na kuhifadhiwa ndani ya chombo kisicho na konokono kwa siku mbili. Aliyekwisha kuingia majini apimwe baada ya miezi miwili hadi mitatu. Kupimwa mapema hakutoshi, na dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, si ile michanga.

Dalili zinazovunja kambi

Kliniki nyingi huwaambia wazazi wakimbilie hospitali joto likifika nyuzi 38.5. Kwa aliye kisiwani, mimi huushusha mpaka huo hadi 38. Sababu ni ile hesabu ya muda: homa ya saa nane mchana ikisubiriwa hadi jioni ili kuona kama itashuka, itakuwa imefungiwa upande usiofaa wa maji. Dalili nyingine ni kupumua kwa shida au maumivu ya kifua, maumivu yasiyotulia baada ya dozi mbili za dawa, weupe wa ghafla wa viganja, bandama iliyovimba, kichwa kuuma sana, udhaifu wa upande mmoja au ulimi kuwa mzito, na kwa mvulana, uume kusimama kwa zaidi ya saa mbili.

Dalili hizo zikitokea, hema liachwe. Mtu mmoja abaki na vitu, gari liondoke. Pakiwa usiku, mpelekeni mtoto kituo cha afya cha kisiwani aanzishiwe antibiotiki ya sindano na maji, kisha mvuke kwa kivuko cha kwanza au kwa usafiri wa dharura ambao kituo kitauelekeza. Namba ya simu ya kituo hicho iwe imeandikwa kwenye simu za wazazi wote wawili siku ya kufika, si siku ya ugonjwa.

Kilichotokea

Familia ile ilikwenda. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, mama alipima joto la mtoto wake: 38.2. Alikuwa akicheza bado, na baba aliona wangoje. Mama alitazama karatasi ya ratiba, akasema wanaondoka. Walivuka kabla ya jua kuchwa, na usiku huo, hospitalini upande wa bara, mtoto alianza kupumua kwa shida. Picha ilionesha nimonia. Alikuwa tayari kitandani, ana oksijeni na dawa mshipani. Baada ya siku nne aliruhusiwa.

Alipokuja kliniki nilimwuliza kama safari ilimtisha. Alinijibu kwamba walilala hemani usiku mmoja tu, na kwamba kaka yake anamdai kulala usiku wa pili. Tumepanga Desemba, karibu na barabara.