Uundaji wa Mfumo wa Awali wa Orodha ya Bidhaa Mtandaoni kwa Duka Dogo la Vitabu Vilivyotumika

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi maduka madogo ya vitabu vilivyotumika nchini Marekani na Kanada yalivyoweza kuweka orodha za bidhaa zao mtandaoni katika miaka ya 1990. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa mfumo wa namna hii haukuwa katika kuhesabu bidhaa, bali katika kuieleza kila bidhaa kwa ukweli na kuiondoa orodhani kwa wakati. Makala yanachambua muundo wa rekodi, lugha ya maelezo, usafirishaji wa taarifa, na pengo lililokuwapo baina ya rafu na orodha.

1.0 Utangulizi

Kabla ya intaneti kuenea, muuzaji wa vitabu vilivyotumika nchini Marekani alitegemea sana jarida la biashara lililoitwa AB Bookman's Weekly, lililoanza mwaka 1948. Wauzaji walitangaza humo vitabu walivyokuwa wakivitafuta kwa niaba ya wateja wao, na mwenzao aliyekuwa na nakala alijibu kwa posta akitaja hali yake na bei. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huduma ya Interloc iliyoanzishwa na Richard Weatherford ilihamishia mawasiliano hayo kwenye kompyuta. Mwaka 1995 jozi mbili za wanandoa zilianzisha Advanced Book Exchange mjini Victoria, Kanada, na tovuti yake ikaanza kazi mwaka 1996. Mwaka 1999 jarida lile lilikoma kuchapishwa.

Katika kipindi hicho kifupi, orodha ambayo awali ilikuwa kumbukumbu ya ndani ya duka iligeuka kuwa ahadi kwa mnunuzi wa mbali. Badiliko hilo ndilo lililoamua jinsi mfumo ulivyopaswa kuundwa.

2.0 Muundo wa Rekodi

Katika duka la vitabu vipya, rekodi moja huwakilisha toleo zima. Iwapo zipo nakala 12 na moja ikauzwa, mfumo huandika 11, wala hakuna haja ya kujua ni nakala ipi iliyotoka. Duka la vitabu vilivyotumika haliwezi kufuata utaratibu huo. Nakala mbili za toleo moja zinaweza kutofautiana kabisa: moja ina jalada lake la karatasi, nyingine imepigiwa mistari ya wino na kupoteza ukurasa. Hivyo basi, rekodi sharti iwakilishe nakala, na idadi yake daima ni moja. Uga wa idadi hukosa maana. Mahali pake huchukuliwa na uga wa hadhi, unaoonyesha kama nakala ipo, imehifadhiwa kwa ajili ya mteja, au imeuzwa.

Suala la utambulisho nalo lilihitaji suluhisho. Nambari sanifu ya vitabu ilianza Uingereza mwaka 1967 na kuwa kiwango cha kimataifa cha ISBN mwaka 1970. Vitabu vya kabla ya hapo havikuchapishwa na nambari hiyo, na hivyo ndivyo vilivyojaza rafu nyingi za maduka haya. Aidha, hata pale ISBN ilipokuwapo, ilitambulisha toleo wala si nakala. Kwa hiyo duka lilihitaji nambari yake lenyewe, iliyoandikwa kwa penseli ndani ya jalada na kuingizwa kwenye hifadhidata. Nambari hiyo haikupaswa kurudiwa hata baada ya kitabu kuuzwa, kwani agizo lililochelewa njiani lingeweza kuangukia kitabu kingine.

Rekodi iliyokamilika ilikuwa pia na mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mahali na mwaka wa kuchapishwa, hali, maelezo, bei na mahali pa rafu. Uga huu wa mwisho haukuonyeshwa kwa mteja, lakini bila huo muuzaji angeweza kupoteza muda mrefu akitafuta kitabu ambacho mfumo umesema kipo.

3.0 Lugha ya Maelezo

Mnunuzi wa mbali hawezi kukishika kitabu wala kukifunua. Anachonunua kwanza ni maneno ya muuzaji. Wafanyabiashara wa vitabu walikuwa na ngazi zao za kueleza hali, ambazo kwa Kiswahili zaweza kutajwa hivi: kama kipya, bora, nzuri sana, nzuri, ya wastani na hafifu. Katika ngazi hizo, neno "nzuri" humaanisha kitabu kilichotumika na kuchakaa kwa kiasi cha kawaida, ila kurasa zake zote zipo. Maadamu biashara ilikuwa baina ya wauzaji wenyewe, neno hilo halikuleta utata. Orodha ilipofunguliwa kwa umma, msomaji asiyejua desturi hiyo alisoma "nzuri" na kutarajia kitabu cha kupendeza.

Mfumo makini ulitenga nyuga mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuchagua ngazi kutoka orodha iliyowekwa, ili nakala ziweze kulinganishwa. Ya pili ilikuwa ya maandishi huru, ambamo kasoro zilitajwa moja moja: doa la maji, jina la mmiliki wa zamani, mgongo uliolegea. Uga wa kwanza pekee ungeficha kasoro. Wa pili pekee ungefanya ulinganishaji uwe mgumu.

4.0 Usafirishaji wa Taarifa

Kompyuta ya duka haikuwa imeunganishwa na mtandao saa zote. Muuzaji aliandika rekodi zake dukani, kisha akapiga simu kwa modemu na kutuma faili. Advanced Book Exchange iliwapa wauzaji programu ya HomeBase kwa kazi hiyo, na mtindo wa faili wa UIEE, uliotokana na Interloc, uliwezesha mifumo tofauti kusomana.

Hesabu ndogo inaonyesha kikwazo kilichokuwapo. Chukulia duka lenye vitabu 10,000, kila rekodi ikiwa na baiti 500. Orodha nzima ni baiti 5,000,000. Modemu ya biti 28,800 kwa sekunde hupitisha takribani baiti 3,600 kwa sekunde. Hivyo orodha nzima huchukua zaidi ya dakika 23, iwapo laini haikukatika. Kinyume chake, mabadiliko ya siku moja yenye rekodi 60 huchukua takribani sekunde 8. Kwa sababu hiyo, mfumo ulipaswa kujua kilichobadilika tangu faili la mwisho litumwe, na kutuma hicho tu.

5.0 Pengo baina ya Rafu na Orodha

Tuseme duka hufunguliwa saa tatu asubuhi, hufungwa saa kumi na moja jioni, na hutuma mabadiliko saa kumi na mbili jioni. Kitabu kilichouzwa asubuhi kabisa hubaki orodhani kwa saa tisa; kilichouzwa mwishoni hubaki kwa saa moja. Ikiwa mauzo yamesambaa sawasawa, wastani ni saa tano ambazo mnunuzi wa mbali anaweza kuagiza kitabu kisichokuwapo. Duka likiorodhesha kwenye tovuti kadhaa, uwezekano huo huongezeka.

Ndani ya hifadhidata moja, tatizo la wanunuzi wawili lina ufumbuzi: amri hubadilisha hadhi kuwa "imehifadhiwa" kwa sharti kwamba bado ni "ipo". Wa kwanza hufaulu. Wa pili huambiwa amechelewa. Hata hivyo, hakuna amri inayoweza kumzuia mteja aliyesimama dukani kitabu kikiwa mkononi mwake. Kwa msingi huo, agizo la mtandaoni lilichukuliwa kuwa ombi, wala si mauzo yaliyokamilika: muuzaji alipokea ujumbe, akaenda rafuni, akakishika kitabu, ndipo akathibitisha. Hatua hiyo ya kibinadamu haikuwa udhaifu wa teknolojia changa. Ilikuwa sehemu ya mfumo, kwa kuwa ndiyo pekee iliyounganisha rekodi na kitu chenyewe.

6.0 Hitimisho

Orodha hizi zilileta pia athari ambayo wauzaji wengi hawakuitarajia. Vitabu vilivyodhaniwa kuwa adimu kwa sababu havikuonekana mjini vilidhihirika kuwa vingi vilipoorodheshwa pamoja, na bei zake zikashuka. Palipokuwa na nakala nyingi za kitabu kimoja, ukweli wa maelezo na uhakika wa kuwapo kwa kitabu vilibaki kuwa mtaji wa duka dogo.

Somo hili linamhusu pia mtafiti anayeunda mfumo kwa ajili ya wauzaji wa mitumba Afrika Mashariki, ambako shati au kiatu kilichotumika nacho hakina pacha. Mfumo wa aina hii haufai kupimwa kwa wingi wa kurasa zake au uzuri wa ripoti zake. Vipimo vya msingi ni viwili: muda unaopita tangu bidhaa iuzwe hadi iondolewe orodhani, na kiwango ambacho maelezo yanalingana na kitu anachopokea mnunuzi.