Mezani pa Wajapani Mjini London

Wazee wetu walinena kuwa kuuliza si ujinga. Nimeishi miaka hamsini na ushei nikiisema methali hiyo, nisijue kuwa siku moja nitaihitaji ugenini, mbele ya sahani ya samaki.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, afanyaye kazi ya uhasibu London, alinialika chakula cha usiku katika mkahawa wa Kijapani wa watu wenye nazo. Yalikuwa majira ya baridi, ambapo huko jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hivyo tulitoka nyumbani tumekwisha kuswali Isha.

Mahali penyewe, msomaji, palipambwa pakapambika. Mwanga ulikuwa hafifu kama wa kandili. Upande mmoja ilikuwapo baa ndefu, chupa zimepangwa kama vitabu vya maktaba, na kijana mmoja akitikisa kopo la kuchanganyia vileo, utadhani apiga kayamba. Upande wa pili wapishi walisimama mbele ya wageni wakikata jodari kwa visu virefu vyembamba. Jodari ni huyu huyu wetu, na pweza, na ngisi, na kamba. Ila sisi huwatia nazi na ukwaju. Wao jodari humla mbichi, juu ya tonge la wali uliotiwa siki.

Chakula hicho, kiitwacho sushi, hakikuanzia katika majumba ya fahari. Matonge hayo yalienea katika karne ya 19 kwenye vibanda vya barabarani vya mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo, kama vile sisi tulavyo mishikaki na viazi karai njiani. Leo tonge lile la barabarani limevikwa suti.

Wajapani wana neno, omakase, maana yake "nakuachia wewe." Mgeni haagizi chochote, mpishi ndiye aamuaye. "Mjomba," akaniambia mpwa wangu, "hapa tumwachie mpishi tu."

Nikamjibu, "Baba, kuachia ni kuzuri, lakini hata ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali." Nikamwita mhudumu, nikamweleza kwa upole kuwa sisi ni Waislamu, kileo hatukinywi wala hatukili chakula kilichotiwa kileo.

Kijana aliinamisha uso. Alikuwa ameona haya, kwani meza zilikaribiana, naye amezoea kuja hapo na wakubwa wake wa kazi. Lakini mhudumu hakukunja uso. Alikwenda jikoni, akarudi na mpishi mwenyewe, ambaye alitueleza kimoja kimoja. Wali una siki, sukari na chumvi. Hapo nikatulia, kwani tulisoma chuoni kuwa Mtume (S.A.W.) aliisifu siki kuwa kitoweo chema. Lakini yule samaki wa miso, chakula kilichotangazwa duniani na mpishi Nobu Matsuhisa, aliyefungua mkahawa wake Beverly Hills mwaka 1987 na mwingine London mwaka 1997, hulazwa siku kadha katika sake, ambayo ni pombe ya mchele, pamoja na mirin, ambayo ni tamu lakini ina kileo kiasi cha asilimia 14.

Mpwa wangu aliweka vijiti chini. "Mjomba," akasema kwa sauti ya chini, "huyo ndiye nimlaye kila nijapo. Mwaka wa nne huu."

Sikumkemea. Nikamwambia, "Ulilolila hujui, Mola ni Mwenye kusamehe. La leo umelijua."

Mpishi akatuchomea samaki kwa chumvi tupu, na matonge ya jodari akatunyunyizia chumvi na limau badala ya mchuzi wa soya. Yule kijana wa baa naye akatutengenezea sharubati ya tangawizi, asali na yuzu, tunda lenye harufu baina ya ndimu na chenza. Wallahi, nilikumbuka futari ya kwetu.

Najua wako watakaouliza nilitafuta nini katika nyumba yenye baa. Swali lao ni la haki, nami nilijiuliza. Mezani petu hakikuwekwa kileo. Lakini vijana wetu wako katika miji ambayo mashauri ya kazi huamuliwa katika nyumba kama hizo, na waliowapeleka huko ni sisi wazazi wao. Tumewapa nauli na ada za masomo. Hatukuwafunza la kumwambia mhudumu.

Tukielekea kwenye treni, mpwa wangu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Alhamisi ijayo nina karamu ya kazi papa hapa. Nitauliza, hata wakinitazama."

Basi, ndugu zangu wenye watoto ng'ambo, pamoja na hesabu na Kiingereza, tuwafunze pia kuuliza kwa adabu na bila haya. Wajapani wale hawakutudharau kwa kuulizwa. Walituheshimu zaidi, na chakula walichotuletea tulikila kwa raha.