Gesi ya bei nafuu mtaani? Uliza kwanza mtungi umejaziwa wapi

Ni tarehe ishirini, mfuko umekauka, na meko yako ya kilo 6 imezima ugali ukiwa nusu. Jamaa wa kona ana gesi ya bei nafuu kuliko ile ya kituo cha petroli, na mwenye boda atakuletea hadi mlangoni. Utakataa? Wengi hawakatai. Shida ni kwamba hawaulizi: mtungi huu umejaziwa wapi?

Kwenye kituo halali, mtungi huwekwa juu ya mashine inayopima uzito na kukata gesi kipimo kikifika. Hukaguliwa kama unavuja, kisha valvu hufungwa sili. Kule uani kwa mjanja, mtungi wa kilo 50 hupinduliwa kichwa chini, ukaunganishwa na wako kwa mpira, na gesi ikamiminwa kwa kukisia.

Hapo kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kujaza kupita kiasi. Ndani ya mtungi gesi huwa majimaji, na majimaji hayo huvimba yakipata joto. Ndiyo maana mtungi hujazwa takriban asilimia 80 hadi 85 tu, ili pabaki nafasi juu. Ukishindiliwa hadi pomoni kisha uachwe juani au karibu na jiko, presha hupanda ghafla. Gesi itatoka kwa nguvu kupitia valvu, au mtungi wenyewe upasuke.

Ya pili ni gesi inayovuja wakati wa kuhamisha. Majimaji kidogo tu yakitoka hugeuka gesi inayochukua nafasi zaidi ya mara 200. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo haipai angani. Hutambaa sakafuni ikisubiri cheche ya sigara, jiko au swichi.

Kumbuka Embakasi. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka mtaani Mradi. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, na nyumba na magari yakateketea. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kibali cha kituo cha gesi mahali hapo mara tatu mwaka wa 2023, sababu mojawapo ikiwa wingi wa watu wanaoishi karibu. Waliolala majumbani mwao usiku huo hawakuwa wamenunua gesi ya magendo. Walikuwa majirani tu.

Kanuni za gesi za 2019 pia ziko wazi: kampuni hairuhusiwi kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini ya maandishi. Mwenye mtungi ndiye anayejua umri wake na ulikaguliwa lini. Mjanja wa uani hajui, na hajali.

Na ile mikebe myembamba ya majiko ya kambi? Kuna wanaoijaza tena kutoka kwa meko, eti kuokoa pesa. Acha kabisa. Mikebe hiyo imeundwa kutumika mara moja, na mingi hubeba biuteni. Gesi ya meko ni mchanganyiko wa biuteni na propeni, na katika joto la kawaida la chumba presha ya propeni ni karibu mara nne ya biuteni. Mkebe wa bati haukutengenezewa mzigo huo.

Sasa fanya hivi:

• Pima. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ukisoma kilo 7.2, mzani unafaa kuonyesha 13.2. Ukipungua, umeibiwa. Ukizidi, usiingie nao kwa nyumba.

• Kagua sili, kutu na mibonyeo. Jina kwenye sili lifanane na lililo kwenye mtungi.

• Ukishafunga regulata, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, inavuja. Usijaribu na kiberiti!

• Simamisha mtungi wima. Kuulaza ili "gesi iliyobaki itoke" hupeleka majimaji kwenye regulata.

• Ukisikia harufu, usiguse swichi wala kuwasha tochi ya simu. Funga valvu kama unaifikia, fungua mlango na madirisha, toka nje, na uwaambie majirani.

Gesi yenyewe haina harufu. Uvundo huo huongezwa makusudi ili pua yako ikuonye, kwa hivyo usiupuuze.

Tuseme jamaa wa kona amekuokolea Sh200. Ni pesa, hakuna anayebisha. Lakini kwenye ploti yenye vyumba ishirini, hatari uliyoileta si yako peke yako. Mama wa chumba cha pili na watoto wake wameibeba pia, na hakuna aliyewauliza.