Mipangilio 230, lakini Inayopendwa Haifiki Kumi

Unga wa parasetamoli ni fuwele ndogondogo, na ndani ya kila fuwele molekuli zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia pande zote. Mwaka 1891 Yevgraf Fedorov wa Urusi na Arthur Schoenflies wa Ujerumani walionyesha kwa hesabu kwamba utaratibu wa namna hiyo una aina 230 tu.

Ungedhani dutu za kikaboni, dawa zetu zikiwemo, zimegawana aina hizo sawasawa. Wapi! Hifadhidata ya Cambridge ya miundo ya fuwele, iliyoanza mwaka 1965 chini ya Olga Kennard, ilifikisha miundo milioni moja mwaka 2019. Takriban theluthi moja imo katika mpangilio mmoja, P21/c. Mipangilio sita ya juu inabeba zaidi ya robo tatu. Mingine mingi haina karibu chochote.

Maelezo ninayoyaona ya kuridhisha zaidi ni ya Msovieti Aleksandr Kitaigorodsky. Molekuli ina nundu na mabonde. Mbili zikitazamana kama mtu na kioo, nundu hukutana na nundu, kukabaki uwazi kati yao, na mvuto wao ukapungua. Muuza samaki analijua hilo: kwenye tenga, kichwa cha huyu hukaa penye mkia wa yule. Ndivyo ilivyo P21/c, ambamo molekuli inayofuata hugeuzwa nusu mzunguko na kusogezwa nusu hatua, hivyo nundu ikaangukia bondeni.

Parasetamoli ya kawaida imo humo humo. Ina fuwele ya pili, Pbca, yenye matabaka yanayoteleza, kwa hiyo hushindiliwa kidonge kwa urahisi zaidi. Ila ile ya kwanza ndiyo tulivu zaidi, na viwanda vinaitumia pamoja na viungo vya kuishikanisha.

Takwimu hizi za mipangilio, hata hivyo, hazitabiri msiba. Mwaka 1998 ritonavir, dawa ya VVU, ilizuka na fuwele mpya isiyoyeyuka vizuri, kapsuli zikaondolewa sokoni. Fuwele ya zamani ilikuwa P21, mpya P212121: zote mbili mipangilio ya kawaida kabisa kwa molekuli kama ya ritonavir. Dawa ilirudi ikiwa kapsuli laini za kuwekwa kwenye jokofu, sharti zito kwa zahanati isiyo na umeme.