Ualimu wa Muziki: Mzaha au Kazi ya Mtu Mzima?

Matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotoka, nyumba nyingi za kambini hugeuka mabaraza. Fomu ya kuombea nafasi katika chuo kikuu huwekwa mezani, na kila aliyemo ndani huwa na neno lake. Baba ataka mtoto awe daktari au mhandisi. Mama ataka kazi yenye mshahara wa uhakika kila mwisho wa mwezi. Shangazi aliyekuja kutembea ataka sheria. Kisha hutokea, mara chache lakini hutokea, binti aliyelelewa katika milio ya tarumbeta akasema kwamba yeye ataka kusoma muziki, ili aje aufundishe. Hapo baraza huvunjika.

La ajabu ni kwamba mara nyingi anayepinga kwa ukali zaidi ni baba aliye katika bendi ya jeshi au ya polisi. Amepuliza tarumbeta miaka ishirini. Amesimama juani katika kila gwaride la sikukuu, na midomo yake imeota sugu. "Mwanangu," atasema, "muziki mimi nimeufanya, na nyumba tunayolala ingali ya kambi." Neno hilo halifai kupuuzwa, kwa kuwa ni la mtu aliyeona kwa macho yake. Hata hivyo, kazi aliyoifanya yeye na masomo anayoyataka binti yake si kitu kimoja, na yafaa nyumba nzima ielewe tofauti hiyo kabla fomu haijajazwa.

Mpiga bendi huulizwa kama aweza kuupiga wimbo aliowekewa mbele yake. Mwanafunzi wa ualimu wa muziki huulizwa kama aweza kuwafanya watoto sitini, ambao hawajapata kuusikia wimbo huo, waujue, waupende, na mwisho waweze kutunga wao wenyewe. Baba huyo huyo, kila bendera inapopandishwa, hupiga wimbo wa taifa uliotungwa mwaka 1962 na George Wilberforce Kakoma, naye Kakoma alikuwa mwalimu wa muziki. Mwaka uliofuata, jirani zetu wa Kenya walipotaka wimbo wao, kazi ilipewa kikundi cha watu watano wenye elimu ya muziki. Mmoja wao, George Senoga-Zake, alizaliwa hapa Uganda akaenda kufundisha huko. Sauti waliyoichagua ilitoka katika wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo. Askari wa nchi hizi mbili husimama wima, mikono imenyooka, kwa ajili ya kazi ya walimu.

Yanayosomwa

Katika Chuo Kikuu cha Makerere masomo haya yana makao tangu mwaka 1971, ilipoanzishwa Idara ya Muziki, Ngoma na Maigizo, ambayo siku hizi huitwa Idara ya Sanaa za Maonyesho na Filamu. Mahali pengine pa kuyatafuta ni Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu, na ambacho ualimu ndio asili yake. Kwa kawaida shahada huchukua miaka mitatu.

Anayedhani kwamba miaka hiyo ni ya kuimba na kucheza atashangaa wiki ya kwanza. Mwanafunzi huketi na karatasi tupu, mwalimu hupiga sauti nne au tano kwenye piano, naye hutakiwa kuziandika kama alivyozisikia. Zoezi hili la sikio limewatoa jasho watu walioongoza kwaya za kanisa miaka mingi. Wengi wao walikua na do, re, mi, ile njia ya kuandika nyimbo kwa herufi ambayo John Curwen wa Uingereza aliieneza katika karne ya 19, na wamisionari wakaileta kwetu pamoja na vitabu vya tenzi. Ni njia nzuri, na hakuna sababu ya kuionea haya. Lakini chuoni hukutana na mistari mitano na nota zake, na huwalazimu kuanza kama watoto wa darasa la kwanza.

Hapa ndipo mtoto wa mpiga bendi huwa na urithi asioujua. Baba anasoma nota hizo kama wengine wanavyosoma gazeti. Akimfundisha bintiye nusu saa kila jioni kwa miezi mitatu, atakuwa amempa kitu ambacho wenzake wataenda kukitafuta kwa fedha.

Lakini baba naye asijivune upesi, kwa maana sehemu nyingine ya masomo itamshinda hata yeye. Mwanafunzi hujifunza pia ala za nchi yetu: adungu ya Waalur, endingidi yenye uzi mmoja, embaire ya Busoga, na amadinda ya Buganda. Tuitazame amadinda peke yake. Ina mbao 12, na hupigwa na watu watatu. Wawili hukaa wakitazamana, mbao zikiwa kati yao. Wa kwanza, omunazi, hupiga sauti zake kwa mwendo ulio sawa bila kusita. Wa pili, omwawuzi, hupiga za kwake kwa mwendo uo huo, ila kila pigo lake huingia katikati kabisa ya mapigo mawili ya mwenzake. Sasa wimbo unaosikika si wa huyu wala wa yule. Hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Umezaliwa kati yao. Kisha wa tatu, omukoonezi, ambaye amepewa mbao mbili tu za juu kabisa, huusikiliza mchanganyiko huo, azichague zile sauti mbili za chini kabisa zilizomo, na azirudie juu kwenye mbao zake. Mgeni hudhani yeye ndiye mwenye kazi nyepesi!

Askari aliyezoea gwaride atapata tabu kwa sababu iliyo wazi. Katika gwaride kila mguu wa kushoto huanguka pamoja, na anayekanyaga peke yake huadhibiwa. Katika amadinda anayepiga pamoja na mwenzake ndiye aliyekosea. Tena sauti zenyewe hazimo katika tarumbeta wala piano, maana ni tano tu, zimepangwa kwa nafasi zinazokaribiana sana kwa ukubwa. Kwa sababu hiyo waandishi wengi wa muziki huu hutumia tarakimu, 1 mpaka 5, badala ya mistari mitano. Mwanafunzi hutoka chuoni na masikio mawili, na mwalimu wa muziki wa nchi hii ahitaji yote mawili.

Kuna jambo la pembeni linalofaa kutajwa katika ukurasa huu unaosomwa na kina mama. Kwa desturi za Buganda, ngoma na amadinda vilikuwa kazi ya wanaume. Mwanamke aliimba na kucheza. Chuoni binti hushika vijiti sawa na mvulana, na hupewa alama kwa jinsi anavyovitumia. Bibi wengine bado hutikisa kichwa.

Elimu iliyokaa kwa wazee

Kwa nini lakini mtu asiende moja kwa moja kwa wazee, akaacha chuo na ada zake? Swali hili huulizwa, na jibu lake lina uchungu. Muziki wa ikulu ya Kabaka uliwekwa na watu wachache walioupokea kwa zamu. Entenga, kwa mfano, ilikuwa seti ya ngoma 15: 12 zilipangwa sauti na kupigwa na watu wanne, na tatu zilizobaki zilipigwa na watu wawili. Baada ya matukio ya mwaka 1966 wapigaji wa ikulu walitawanyika, na mazoezi ya kila siku yakakatika. Evaristo Muyinda, aliyekuwa mpigaji wa ikulu, aliwafundisha hata watafiti wa Ulaya, na kwa njia hiyo nyimbo nyingi ziliandikwa zikasalia. Lakini mzee mmoja hawezi kuwa shule ya nchi nzima.

Busoga hali ilifika mbali zaidi. Bigwala ni mabaragumu ya vibuyu. Kila baragumu hutoa sauti moja tu, na wapulizaji watano au zaidi hupokezana mpaka wimbo ukamilike. Hupulizwa katika mambo makubwa ya ufalme, kama kutawazwa na maziko. Mwaka 2012 UNESCO iliuandika muziki huo katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na wakati huo wazee wenye ujuzi kamili wa kuyatengeneza, kuyapiga na kuyacheza walikuwa wamebaki wanne. Kazi ya kuufufua ilimhusisha James Isabirye, mwalimu wa muziki wa Kyambogo, na ilibidi hata vibuyu vyenyewe vipandwe upya. Vijana wa vijijini walikalishwa mbele ya wazee, wakafundishwa kwa utaratibu. Mwaka 2016 orodha hiyo hiyo ikaongezwa muziki wa kinubi cha Wamadi wa kaskazini. Mzee anao ujuzi, lakini anayejua jinsi ya kuupanga ukaingia katika vichwa vya watoto arobaini kabla mzee hajafariki ni mtu aliyesomea kufundisha.

Upande wa mfuko

Sasa turudi mezani, kwenye fomu, kwa kuwa hofu ya baba haikuwa ya utamaduni. Ilikuwa ya chakula.

Ukweli lazima usemwe. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi una masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Muziki haumo. Mwalimu mkuu anayetaka shule yake isifiwe huchukua kipindi cha muziki akakifanya cha hesabu, na hakuna mzazi anayelalamika. Msimu wa mashindano ya shule ya muziki, ngoma na maigizo ukifika, mwalimu mkuu huyo huyo humtafuta mtu wa muziki usiku na mchana, akiwa tayari kumlipa nauli! Katika sekondari mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 unazo Sanaa za Maonyesho, lakini ni somo la kuchagua, na shule isiyo na mwalimu haitalichagua.

Mshahara nao una hadithi yake. Mwaka 2022 mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya sayansi alipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na mwenye shahada ya sanaa akabaki na milioni 1 na kidogo. Walimu wa sanaa waligoma mwezi Juni mwaka huo. Muziki huhesabiwa upande wa sanaa, na mzazi anayeficha jambo hilo ili asimvunje mtoto moyo hamsaidii. Pia mikopo ya Serikali kwa wanafunzi, iliyoanza mwaka 2014, imeelemea zaidi masomo ya sayansi, hivyo ada itatoka nyumbani.

Upande wa pili wa mizani si mtupu. Sera ya walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu, kuanzia shule ya watoto wadogo hadi sekondari, awe na shahada. Cheti kilichotosha zamani hakitoshi tena, na anayeanza leo na shahada hatarudishwa darasani akiwa na watoto wanne. Zaidi ya hayo, anayesoma shahada ya sanaa pamoja na ualimu hubeba masomo mawili ya kufundishia. Hapo ndipo pa kutumia akili. Aulize chuoni ni masomo gani yanaruhusiwa kuandamana na muziki, kisha achague lile ambalo shule haziwezi kulikosa. Somo hilo la pili litampatia nafasi, na muziki utamtofautisha na wenzake mia walioomba nafasi hiyo hiyo.

Wala jambo hili si la mabinti peke yao. Koplo wa bendi mwenye miaka thelathini na kitu, asiye na alama za kidato cha sita, asidhani mlango umefungwa. Makerere ina mtihani wa kuingilia kwa watu wazima waliotimiza miaka 25. Ataomba ruhusa kwa mkubwa wake mapema, maana masomo ya mchana na zamu ya lindo havipatani. Ile mitihani ya muziki ya Uingereza yenye ngazi nane ni maandalizi mazuri, ila ajue kwamba kwa kawaida hapandi ngazi ya sita ya kupiga ala mpaka amepita nadharia ya ngazi ya tano. Wapigaji hodari wengi hukwama hapo hapo, kwa kuwa vidole vyao vilitangulia vichwa.

Kuhusu usaili, mwombaji aende na wimbo mmoja anaoujua vizuri, si mitano anayoijua nusu. Na kabla ya kutuma fomu, familia yaweza kufanya jaribio lisilo na gharama. Baba achukue kijiko agonge meza kwa mwendo ulio sawa, taratibu. Binti achukue kijiko chake agonge kikombe, kila pigo katikati ya mapigo mawili ya baba. Wakiweza kukaa hivyo kwa dakika mbili bila mmoja kumvuta mwenzake, waongeze kasi. Mama asikilize upande wa pili wa chumba, naye ndiye atakayesema nani kayumba kwanza. Si lazima awe binti.